Mwende wa Kwanza

Jumapili jioni, Kitui.

Joto lile la kabla ya mvua. Mawingu yalikuja mchana, yakasimama juu yetu kidogo, yakaenda zake. Nimeketi mlangoni, mama amelala chumbani kwangu, na hasira bado ninayo. Naandika hapa kwa sababu watu wote wameisikia hadithi hii kabla yangu. Acha niisimulie angalau mara moja kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kwa wasionijua: kazi yangu ni redio. Kila Jumatano asubuhi nina kipindi cha wasanii, wachoraji na wachongaji wa Kitui na Makueni wanaokuja kuzungumza kuhusu maonyesho yao. Watu hunicheka. Picha kwenye redio? Lakini raha yake ndiyo hiyo. Namwuliza msanii rangi ni gani, mtu kwenye picha amekaa vipi, mwanga unatoka wapi, na mama aliyeketi na uteo wake kule Ikutha anaiona picha nzima kichwani mwake.

Mama huyo wa Ikutha ni mama yangu. Hakosi kipindi.

Jumatano iliyopita mgeni wangu alikuwa Ndunge. Kwangu Ndunge si mgeni. Chuoni tulilala kitanda kimoja cha deka, yeye juu, mimi chini. Alinisimamia siku ya harusi, na ndoa hiyo ilipovunjika, yeye ndiye aliyekuja na pikapu tukahamisha viti vyangu. Anachora kwa mkaa na udongo juu ya magunia. Mwaka huu amepata onyesho lake la kwanza la peke yake, katika ukumbi wa hapa mjini ambao zamani ulikuwa stoo ya pamba. Alitaka sura za akina mama wa kwetu, mimi nikampeleka nyumbani. Nilimwambia mama, huyu ni kama mimi tu, mkaribishe. Akakaa Ikutha wiki nzima akila muthokoi wetu, mahindi ya kukoboa na maharagwe.

Picha hakunionyesha. "Utaziona siku ya kufungua," alisema. "Nataka ushtuke."

Nilishtuka mapema.

Tulikuwa hewani. Nikamwuliza swali ambalo huwauliza wote: kati ya picha zako, ni ipi iliyo karibu zaidi na moyo wako, na msikilizaji aione vipi?

Akasema ni ya mama mmoja aliyekaa kwenye kigoda, mikono ameikunja kama mtu aliyebeba mtoto, lakini mtoto hayupo. Nikasema, eeh, endelea. Akaendelea. Kwamba mama huyo alizaa akiwa msichana, kwao Kiboko, kabla hajaolewa. Mtoto wa kike. Mtoto akafariki akiwa bado ananyonya. Watu wa nyumbani wakamzika kimya kimya, wakamwonya msichana asimtaje tena, la sivyo nani atamwoa? Akaja kuolewa mbali, upande wa Ikutha, na mumewe akaenda kaburini bila kujua.

Ikutha ina akina mama wengi. Niamini, nilikuwa bado natabasamu.

"Na picha umeiitaje?" nikauliza.

"Mwende wa Kwanza," Ndunge akasema. "Kwa sababu alipozaa tena, kwa mume, mtoto wa kike alimpa jina lile lile."

Mwende ni mimi.

Tangu utotoni niliambiwa kwamba nilipewa jina la nyanya mzaa baba, nikalia usiku na mchana, hadi wakajaribu jina lingine, wakafika kwa Mwende, nikanyamaza. Watoto wa kwetu hubadilishiwa majina hivyo, si ajabu. Hadithi hiyo nimeisimulia kwenye sherehe. Nimeisimulia hata redioni, watu wakapiga simu wakicheka.

Nilinyamaza hewani. Mtangazaji hanyamazi hewani, hilo ndilo somo la kwanza, lakini ulimi ulikataa. Nikamtazama Ndunge. Alikuwa anatazama maikrofoni. Hapo nikajua kwamba alijua atakachosema kabla hajapanda ngazi zetu.

Niliweka wimbo.

"Ni mama," nikamwambia.

"Nilidhani ameshakuambia."

"Ndunge, ulisema unataka nishtuke."

Akavua vipokea sauti masikioni. Kisha akasema, polepole, kama mtu aliyekuwa amejitayarisha, "Ningekuambia mapema ungenikataza."

"Ningekukataza."

"Basi ndiyo maana."

Hakuna alilosema baadaye, na amesema mengi tangu hapo, lililo la kweli kuliko hilo.

Bosi wangu, Kilonzo, aliingia akipiga makofi. "Kile kimya, Mwende! Hakuna mtu anaweza kuigiza kimya kama kile." Kufikia saa sita alikuwa amekikata kipande kile, na pumzi zangu ndani yake, akakiweka kwenye ukurasa wa stesheni. Nikamwomba akiondoe. Nikamwambia huyo anayesemwa ni mama yangu. Akaniangalia kwa huruma, kwa kweli alikuwa na huruma, akasema, "Pole sana. Lakini acha kikae mpaka kesho, watu wanakipenda."

Nikampigia mama, simu yake imezimwa.

Alhamisi nikaenda Ikutha. Njia nzima nilijiandalia maneno ya kumfariji. Nilidhani nitamkuta kitandani, amejifunika. Nilimkuta uani anachambua ndengu za mbegu, kwa kuwa mvua ikija haisubiri mtu.

"Umekula?" akaniuliza.

"Mwaitu," nikamwita, kama tunavyoita mama kwetu, "ulimwambia Ndunge."

"Nilimwambia."

"Na mimi?"

Alitoa jiwe kwenye uteo, akalitupa. "Yeye alikuwa anachora. Alikuwa anaangalia mikono yangu, hakuwa ananiangalia kwa macho. Yakatoka tu. Wewe ukiniangalia, unaniangalia kama mtu anataka nikuwe sawa. Sasa nitakuambia aje?"

Nikachutama kando yake, nikachota ndengu kiganjani. 

"Na alikuuliza kama anaweza kuyasema kwa redio?"

"Picha nilimwambia sawa, achore. Redio hakuniuliza." Mkono wake ukasimama juu ya ndengu. "Wamama wa kanisa walikuwa hapa, tunachambua pamoja. Nikaongeza sauti. Nilitaka wakusikie."

Hapo ndipo nililia. Mama ndiye kiongozi wao. Kwa miaka amewaombea mabinti wao waliopata mimba nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyejua anaomba akiwa amesimama wapi.

"Wakafanya nini?"

"Wakaangaliana. Wanajua mimi ni wa Kiboko, wanajua jina lako. Halafu mmoja akasema tuombe. Nikamwambia hapana, tumalize ndengu kwanza."

Alicheka kidogo. Mimi sikuweza.

Nitasema jambo ambalo siwezi kumwambia mtu uso kwa uso. Hasira yangu kwa Ndunge ninaielewa, ina mwanzo na mwisho. Ile iliyo kwa mama sijui niishike wapi. Alinyamazishwa akiwa msichana, hilo najua. Alikuwa analinda ndoa, hilo najua pia. Lakini baba amekufa siku nyingi. Tumekaa sisi wawili jikoni jioni zisizo na idadi, moto unawaka, chai ipo, hakuna wa kutusikia. Kila aliponiita kwa jina, alikuwa anatuita wawili, na mmoja wetu hakujua.

Nilipokuwa naondoka akasema, "Nataka kuona hiyo picha."

Siku ya kufungua hakutaka, watu wengi. Jana asubuhi akaja Kitui, tukaenda. Ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Ndunge alikuwa pale. Alipotuona alikuja mbio, akainama akamshika mama mikono miwili. Mimi hakunigusa. Vizuri.

Nilikuwa nimeomba picha iwe mbaya. Ingenirahisishia.

Ni nzuri. Ni nzuri kwa namna inayouma. Magunia ameyashona pamoja, uso wa mama ni mkaa tupu, karibu giza, na mikono ni udongo mwekundu wa nyumbani kwetu, na pale katikati ya mikono, mahali pa mtoto, ameacha gunia hivyo hivyo, hajapaka kitu. Mama alisogea karibu sana. Akasimama. Nilimwona akikunja mikono yake bila kujua.

Kisha akaona kitu chini ya picha, karatasi ndogo ya duara.

"Hii nyekundu ni ya nini?"

"Ni alama, mama," Ndunge akasema. "Imeshachukuliwa. Ina mwenyewe, Nairobi."

"Ina mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mwenyewe si ni mimi?"

Hakupandisha sauti. Alisubiri ajibiwe kwa adabu, kama anavyosubiri dukani. Ndunge akafungua mdomo, akaniangalia mimi, nikatazama ukuta. Mama akaingiza ukucha chini ya ile karatasi, akaibandua pole pole isichanike, akaibandika kwenye kiganja cha Ndunge.

"Mwambie huyo wa Nairobi achague ingine."

Ndunge akafunga ngumi. "Sawa, mama," akasema. 

Leo tulipotoka kanisani tukamkuta Ndunge mlangoni kwangu na picha, ameifunga kwa leso. Ameileta mwenyewe. Mama alimwambia aingie anywe chai. Mimi nilipokea picha, nikasema asante, nikabaki nimesimama mlangoni hadi akaelewa. Ananiandikia meseji tangu mchana. Sijasoma. Sijazifuta pia.

Kilonzo amekiondoa kile kipande, sasa kwa kuwa kila mtu ameshampelekea mwenzake.

Baada ya chakula mama alinyoosha miguu kwenye kochi langu na kuongea. Aliongea kama bomba lililozibuliwa. Mtoto alikuwa na nywele nyingi. Alipenda kulala akiwa ameshika kidole. Mama anaonekana mwepesi, hata kula amekula vizuri, na mimi nikimsikiliza nilihisi kama mzigo umehamishwa tu kutoka mgongo mmoja hadi mwingine. Nafurahi kwa ajili yake. Naumia. Yote mawili yamo humu ndani na hayasalimiani.

Nimeomba ruhusa kazini. Kesho tunatoka mapema, tupitie mji wa Wote hadi Kiboko, kwenye shamba la wajomba zake, alikozikwa mtoto. Hajarudi mahali pale tangu aolewe, lakini anasema atapajua. Ameniambia nivae viatu vya kufunga, kuna miiba.

Nimezoea kujitambulisha. Ndiyo kazi yangu, nafungua maikrofoni na kusema mimi ni nani. Nikifika pale kesho, nitamwambia mimi ni nani?