Mchoro Wangu wa Leza na Jicho la Mwongeli

Msambweni,
Kwale.
9 Februari 2025

Mpendwa kaka yangu Abdulwahab,

Assalam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, kaka. Nataraji barua hii itakukuta huko Maskati ukiwa na siha njema, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba kifua kilichokuwa kikikubana kwa baridi ya ile ghala ya samaki sasa kimekuachia. Sisi huku alhamdulillahi. Joto la kaskazi linatukaanga na maji ya kisima yameanza kuwa na chumvi, lakini tunapumua.

Mama yako, Shangazi Kadzo, nilimwendea Tiwi juma lililopita. Goti limepungua uvimbe. Anatembea mpaka kwa jirani na kurudi, na anagomba kama zamani, kwa hivyo usiwe na wasiwasi. Amesema dawa ya kuchua imefika, na kwamba usitume tena tende, maana panya wanazionja kabla yake.

Mbwana, mume wangu, hajambo na anakusalimu sana. Ametengeneza paa la jikoni kabla ya mvua, jambo ambalo nilikuwa nimeshalikatia tamaa.

Ningependa barua iishie hapo, kaka. Lakini kuna jambo limenikaa kooni kama mafuta yaliyoganda. Nikilikumbuka, hata chakula sikitamani. Unisamehe nikitumia maneno mazito.

Wewe ndiwe uliyenifundisha kushika chuma cha lehemu tukiwa kwa bibi. Na wewe ndiwe uliyeniambia kwamba dayodi ya leza, ile punje inayotoa mwanga, ni kama mgonjwa wa tumbo: ukimlisha kidogo hainuki, ukimzidishia anakufa papo hapo. Basi miaka hii yote, kila nikipata nafasi baada ya kazi za nyumbani, nimekuwa nikibuni saketi ya kuilisha dayodi hiyo umeme kwa kipimo. Nimeziunguza nyingi. Hatimaye nikapata moja iliyotulia.

Niliitengeneza kwa ajili ya Mwero, yule jirani yetu anayechonga vikombe vya vifuu na kuwauzia wageni wa Diani. Alitaka kuandika majina juu ya vifuu bila kutumia kisu. Nikamfanyia sanduku dogo lenye leza ndani. Kwa kuwa mwanga ule unaunguza, nilitia kwenye saketi sehemu niliyoiita mlinzi. Kifuniko kikifunguliwa, mlinzi anakata umeme na mwanga unazimika. Tena mlinzi huyo huyo anazuia mkondo wa umeme usipande kupita kiasi. Bila yeye, sanduku lile ni hatari kama kisu kisicho na mpini.

Nilipoona linafanya kazi, nikaupiga picha mchoro nikauweka katika kikundi chetu cha WhatsApp, cha watu wa pwani tunaopenda saketi kwa kujifurahisha. Sikutaka malipo. Niliomba mambo mawili tu: mlinzi asiondolewe, na onyo langu kuhusu macho libaki pale juu. Kaka, nilifurahi siku zile. Watu wa Lamu walinitumia picha za masanduku yao. Kijana mmoja wa Ukunda, Mbithi, anayetengeneza spika na redio, aliona mahali nilipotumia vipande viwili panapotosha kimoja, akanirekebisha kwa adabu. Nikamshukuru, nikarekebisha mchoro, nikaandika jina lake chini ya langu. Hivyo ndivyo nilivyodhani mambo huwa.

Shutu naye yumo katika kikundi hicho. Shutu wa Ami Chirau, mtoto wa ami yangu na mjomba wako, uliyemwacha mdogo na sasa ana ndevu. Anafanya kazi ya kupamba kumbi za sherehe kwa taa. Aliuchukua mchoro wangu akamkata mlinzi, kwa sababu yeye hakutaka mwanga wa ndani ya sanduku. Alitaka mwanga wa kurusha ukumbini, watu washangilie. Akaongeza na mkondo ili ufike ukuta wa mbali. Onyo akalifuta. Jina langu na la Mbithi akayafuta, akaandika lake kwa herufi kubwa, kisha akajirekodi akieleza jinsi alivyokesha akibuni.

Video ile ilisifiwa na watu wengi. Ami Chirau mwenyewe alinitumia, na chini yake akaandika, "Jifunze kwa mwenzio." Nilikirihika, kaka, lakini nilinyamaza kuhusu sifa. Sikunyamaza kuhusu mlinzi. Nilimpigia simu Shutu nikamwambia mwanga ule ukiingia jichoni hautoki salama.

"Dada Twaiba," aliniambia akicheka, "wewe ni wivu tu. Taa ni taa."

Haukupita muda kukawa na sherehe ya mahafali katika ukumbi mmoja wa Ukunda. Ilikuwa mchana, lakini walikuwa wamefunga mapazia meusi ili taa zionekane. Shutu alikuwa anajaribisha mwanga wake huku wapambaji wakimalizia kufunga vitambaa. Mwanga ukagonga kioo cha mapambo, ukageuka, ukamwingia jichoni mwanamke aliyekuwa juu ya ngazi. Hakuhisi maumivu makubwa. Aliona mweko, kisha katikati ya kila alichokitazama pakawa na doa jeusi.

Mwanamke huyo ni Mwongeli, dada yake Mbithi. Ni fundi cherehani, na siku hiyo alikuwa akisaidia kufunga vitambaa. Wazazi wao walikuja zamani kutoka Ukambani wakapewa shamba upande wa Shimba Hills, yeye na nduguye wamezaliwa na kukulia huku huku. Daktari wa macho amesema nyuma ya jicho la kushoto, ndilo alilokuwa akilitegemea tangu utotoni, pameungua na kovu lile halitaondoka.

Sasa sikia kinachonitapisha. Siku ile ile, kabla hata Mwongeli hajatoka hospitalini, Shutu aliifuta video yake. Kisha akaandika kwenye kikundi, mbele ya watu wote, kwamba yeye ni mtumiaji tu, mchoro ni wa Twaiba wa Msambweni, na aulizwe Twaiba. Wakati wa sifa jina langu lilikuwa uchafu wa kufutwa. Wakati wa lawama akakumbuka mpaka kijiji ninachokaa.

Mbithi alinipigia simu. Hakusalimu, na si kawaida yake.

"Dada, niambie ukweli. Ile kitu imechoma Mwongeli ni yako?"

Nilimwambia ni mchoro wangu uliokatwa. Nikamtumia wa kwanza na wa Shutu pamoja, aitazame mwenyewe. Aliilinganisha, akasema, "Huyu ameng'oa hapa. Nimeona." Nikamwomba ruhusa niende kumwona dada yake.

Sitakuficha, niliogopa kuingia mlango ule. Mwongeli alikuwa amekaa barazani akishonoa gauni. Nilimpa pole nikamweleza mimi ni nani. Alinigeuzia uso kidogo pembeni, maana akimtazama mtu sawasawa doa linamfuta.

"Ni wewe ulichora?"

"Ni mimi."

"Na uliandika inachoma macho?"

"Niliandika. Ilifutwa."

"Basi anayefuta ndiye nataka nimwone," alisema, na kuendelea kushonoa.

Wazee waliitisha kikao Mkongani, kwa Ami Chirau, baada ya swala ya Ijumaa. Mimi nilidhani ni kikao cha kumwonya Shutu. Kabla watu hawajakusanyika, ami alinivuta kando, akaniita mwanangu, akanishika bega. Alisema Shutu ndiyo kwanza anaposa, watu wa mke wakisikia hivi wataghairi. Mimi nina mume, nina nyumba, sina cha kupoteza. "Wewe sema ulisahau kukiweka hicho kidude," alisema. "Nani atakufanya nini? Mwanamke kusahau si ajabu."

Nilimtazama mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, nikahisi kinyaa, Mungu anisamehe. Nilitaka kunawa bega.

Mbwana alikuwa amesikia. Hakupaza sauti. Alimwambia tu, "Ami, heshima yako tunaiweka, lakini mke wangu hatasema uongo huo." Kisha akanikalisha karibu naye.

Mbithi na Mwongeli walifika tumeshaketi. Ami hakuwa amewaalika. Niliwaalika mimi, maana sikuona vipi watu wazungumzie jicho la mtu bila mwenyewe kuwepo. Shutu alipowaona aliinamia simu yake. Ami alianza hotuba ndefu ya kadari na subira, na jinsi mafundi wote hukosea. Mwongeli alimngoja amalize. Hakulia wala hakutukana. Alifungua mkoba, akatoa sindano na uzi mweupe, akavinyoosha kwa Shutu.

"Nitungie," alisema.

Shutu alimtazama babake. Babake akatazama chini. Shutu akachukua sindano, akalamba uzi, ukamkataa, akalamba tena. Mwishowe ukapita. Mwongeli akaipokea, akasema asante, akauchomoa uzi, akamrudishia.

"Nitungie tena."

Shutu aliutunga. Mwongeli akauchomoa, akamrudishia tena. Shutu alitokwa na jasho mpaka kola ikalowa.

"Mimi nikitunga naona tundu, halafu linapotea," Mwongeli alisema. "Kila uzi ukiisha naita mtu. Kama hakuna mtu, nakaa. Siku yangu ni hiyo. Sasa niambie nani alikata ile kitu."

Nilitoa simu nikawaonyesha michoro yote miwili, nikawaeleza kwa maneno ambayo hata Shangazi angeelewa: hapa palikuwa na mlinzi, hapa hayupo. Shutu akauma mdomo. Alisema kwa sauti ya chini kwamba taa za wenzake zilikuwa zinang'aa kuliko zake. Basi. Hayo ndiyo yaliyomtoka.

Na Ami Chirau, kaka, alikung'uta kanzu akasema, "Haya, tumesikilizana. Tuleni, pilau inapoa." Sahani zikaletwa. Watu wakanawa. Nilisikia harufu ya bizari ikinipanda puani, na naipenda pilau unavyojua, lakini sikuigusa. Niliondoka pamoja na Mwongeli na nduguye, na Mbwana akatufuata.

Nilidhani nimeshafika mwisho wa karaha. La. Nilipoeleza kwenye kikundi yaliyotokea, wengi walimpa Mwongeli pole. Lakini mtu mmoja nisiyemjua aliniandikia faraghani kuuliza kama nitamtumia ule wa Shutu, usio na mlinzi, kwa kuwa amesikia ndio wenye nguvu. Nikamjibu kwamba mchoro huo umempofusha mtu. Akajibu, "Sawa, lakini unao?" Niliiweka simu kifudifudi nikatoka nje nikatema mate.

Nilitaka kuufuta mchoro wangu, na chuma cha lehemu nikitupe chooni. Nilimweleza Mbithi. Yeye, mwenye haki ya kukasirika kuliko mimi, aliniambia, "Ukifuta yako, inabaki ya Shutu peke yake. Watu watatengeneza na hiyo."

Nilikaa na neno hilo. Kisha nikaanza upya. Katika mchoro mpya mlinzi hakai kando tena kama bawabu. Nimemweka njiani, umeme wote unapita ndani yake, na mtu akimkata dayodi haiwaki kabisa. Anayetaka kumwondoa itambidi ajue kubuni saketi nzima mwenyewe, na anayejua hivyo hatasema taa ni taa. Mbithi ameujaribu mara nyingi kwa hila zote anazozijua, hakuweza kumwondoa mlinzi. Jana tumeuweka kwenye kikundi kwa majina yetu sote. Sikuona furaha ile ya mwanzo. Niliuweka tu kama mtu anavyofunika shimo lililo njiani.

Sasa nakuja kwenye nililotumwa. Ami Chirau alipiga simu jana jioni, sauti tamu kama halua. Amesema wewe unanisikiliza, kwa hivyo nikuandikie umpokee Shutu Maskati, umtafutie kazi, akae huko mpaka watu wasahau. Nilimuuliza watu gani. Akasema, "Watu, Twaiba, watu."

Ujumbe wa mzee haurudishwi, nami nimeufikisha kama ulivyo. Ombi hilo ni lake.

Langu ni hili. Mpaka leo Shutu hajakanyaga barazani kwa Mwongeli. Hajasema "nilikata mimi" kwa kinywa chake mbele ya kikundi alikonitaja. Kliniki ya macho Mwongeli anapelekwa na Mbithi, na mara nyingine na Mbwana. Kijana anayo miguu, na Ukunda si mbali kama Maskati. Aanze kwa kufika hapo. Akishafika, akasema, na akawa anampeleka yule dada kliniki, nitakuandikia barua nyingine kwa mkono huu huu, nikuombe umpokee, tena kwa moyo mkunjufu, maana ni damu yetu. Kabla ya hapo, kaka, ukisikia hodi yake, usimfungulie.

Nisalimie wifi yangu na watoto, kila mmoja kwa jina lake. Shangazi Kadzo anakusalimu, Mbwana anakusalimu, na Mwero ameahidi kukuandikia jina juu ya kifuu. Mwongeli, ambaye hamjaonana, ameniona nikiandika, akasema nimtie naye katika salamu.

Ramadhani inatubishia hodi. Mola akufikishe na akufuturishe kwa heri pamoja na wako, na akulindie mboni za macho yako.

Mimi wako akupendaye,

Twaiba