CPU Tatu Zilizopotea

Jumatano jioni

Mwizi. Hakulitamka neno hilo, lakini ndilo alilomaanisha.

Mkuu wa shule alikuja leo kuhakiki kompyuta. Nikamfungulia ile mpya, nikamwonyesha orodha ya vifaa vilivyomo. Kwenye CPU, jina lilelile limejirudia mistari minne. Akahesabu kwa kidole, halafu akainama kuchungulia chini ya meza.

"Mwalimu, kompyuta inasema CPU nne. Naona moja. Tatu ziko wapi?"

Boksi lile la kompyuta lililo chini ya meza, hapa Mpanda wote tunaliita CPU. Hata mimi nimelibandika karatasi yenye neno hilo kwa ajili ya wanafunzi, ujinga wangu! Nikamweleza kwamba CPU yenyewe ni chipu ndogo iliyomo ndani, kama biskuti, na ina viini vinne ambavyo kompyuta inavihesabu kimoja kimoja. Akacheka.

"Kompyuta haidanganyi. Andika barua ya kujieleza."

Haijadanganya, ndicho nilichokuwa namwambia! Nikachukua bisibisi nilifungue aone. Akanizuia, eti nitaharibu ushahidi. Ushahidi!

Miaka sita nafundisha pale. Naogopa. Hiyo barua ikifika kwa afisa elimu, naye akihesabu mistari...

Getini, mlinzi wetu mzee Nduwayo akaniomba nifungue mkoba. Mkoba wenyewe daftari mbili zinaujaza, hayo maboksi matatu ningeyatia wapi? Akapekua bila kunitazama.

"Samahani, mwalimu. Nimeagizwa."

Mwalimu. Siku zote huniita mwanangu.