Kengele ya Ng'ombe wa Amos

S.L.P. 14,
Alder Ford, Oregon.
11 Mei, 1958.

Mpendwa Wendell,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti la Mavis limepata nafuu tangu alipoandika Krismasi. Mimi sijambo, ila meno mapya yananitesa. Nayavaa kanisani na kuyavua mezani, kinyume cha watu wengine wote. Mahindi mmeshapanda? Huku mitufaha imemaliza kuchanua na tunangoja kuona itatupa nini.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Mavis ndiye huniandikia kila mwaka, na wewe hujatia hata sahihi tangu 1949. Sikulaumu. Ulikuja kwenye mkutano wa ukoo mwezi mmoja tu baada ya kumzika baba yako, umeendesha gari siku nne, na kabla hujaketi kaka yangu Orville akaipiga ile kengele ya ng'ombe. Uliweka sahani chini, ukamshika Mavis mkono, mkaondoka. Nilipaswa kukukimbilia. Sikukimbia, na nimeona aibu miaka tisa.

Sasa nina habari, na tafadhali isome mpaka mwisho kabla hujaitia kwenye jiko.

Mwakani Oregon inatimiza miaka mia tangu iwe jimbo. Kamati ya mji wetu inatoa kibao cha shaba kwa kila ukoo utakaothibitisha kwa karatasi kwamba wazee wao walifika kabla ya hapo. Maneno ya mdomoni hayakubaliwi. Hilo limewaudhi wengi, maana hapa mjini kila mtu babu yake alikuja na gari la kwanza la maksai, na gari hilo lingekuwa refu kuliko treni. Orville akanituma mimi, kwa kuwa nimefundisha shule miaka thelathini na minane na nasoma miandiko mibaya bila kulalamika.

Historia yetu unaijua mpaka umeichoka. Mwaka 1852 ndugu wawili, Ezra na Amos Birdsall, walifunga maksai kwenye gari wakaondoka Iowa kuja magharibi. Ezra akafika, akawa babu yetu. Amos akaingiwa na woga kwenye Mto Platte, akageuka, tena akaondoka na ng'ombe wao pekee wa maziwa. Ndiyo maana mtu wa Iowa akija mkutanoni hupigiwa kengele, na Orville husema, "Fungeni zizi, wa Amos wamefika." Tangu baba yetu alipoanzisha mzaha huo, hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini mtu mwenye woga akimbie na ng'ombe, mnyama asiyejua haraka.

Nilikwenda ofisi ya nyaraka za ardhi mara tatu. Mara ya kwanza walinipa faili la Birdsall mwingine kabisa, mtengeneza mapipa, mtu mgomvi. Mara ya pili walikuwa wamefunga kwa ajili ya kupaka rangi. Mara ya tatu mama mmoja mwenye miwani akaniletea kiapo cha babu Ezra cha mwaka 1854. Siku hizo mwanamume mwenye mke alipewa ardhi mara mbili ya asiye naye, kwa hiyo kila mtu aliapishwa kuhusu mke wake. Nimenakili maneno yake kama yalivyo:

"Mke wangu Lucinda alikufa kwa kipindupindu kwenye Mto Platte tarehe 9 Juni. Aliniachia mtoto wa kiume wa miezi mitano, Asa. Ndugu yangu Amos, ambaye hajaoa, alimrudisha kwa mama yetu, pamoja na ng'ombe, ili mtoto asife njaa njiani. Mimi sikuwa na moyo wa kurudi. Sina mke."

Nilisoma mara mbili, kisha nikalia mbele za watu. Yule mama akanipa leso yake bila kuuliza neno.

Asa, Wendell. Baba yako. Amos alimlea, naye akamwita baba, nanyi mkamwita Amos babu, na babu ataendelea kuwa. Karatasi ya ofisi haiwezi kumwondoa. Lakini damu yenu ni ya Ezra. Huku alioa tena, akamzaa baba yangu, akafa bila kumtaja Lucinda wala mtoto kwa yeyote. Sijui kama ilikuwa aibu au uchungu. Kwa hiyo baba yako na baba yangu ni watoto wa mtu mmoja, na mimi niliyekuwa nikikuita binamu wa mbali ni dada yako. Itabidi univumilie.

Linaloniuma zaidi ni mwaka 1926, Mzee Asa alipotutembelea kwa treni. Kengele ikapigwa. Yeye alicheka, akasema kama ng'ombe yupo basi apewe glasi ya maziwa. Tulimcheka mtoto mwenyewe. Aliketi meza moja na baba yangu, wakapeana chumvi, na hakuna aliyejua kwamba wale ni ndugu.

Nilimsomea Orville kiapo hicho jikoni kwangu. Kwanza aliniambia nikirudishe nilikokitoa. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo karatasi pekee inayotupa kibao. Akauliza kama siwezi kupeleka ule ukurasa wenye tarehe tu. Nikakataa. Akakichukua, akakisoma mwenyewe mpaka kahawa ikapoa.

"Lorena," akasema, "nimewapigia kengele miaka arobaini. Watu waliomwokoa mtoto wetu."

"Ndiyo, Orville," nikasema. "Tena kwa nguvu."

Kibao tumekipata. Mkutano wa ukoo ni tarehe 12 Julai, nami nimeandika historia yote upya, isomwe mbele ya watu wote, jina la Amos likitangulia. Lakini bila wewe tutakuwa tumejisamehe wenyewe, na hilo tunaliweza tangu zamani. Njoo, ndugu yangu. Moyo ukikataa nitaelewa, ila nitasikitika sana.

Msalimie Mavis, mwambie nimemwekea mbegu za waridi. Msalimie mwanao Harlan na mkewe, na umbusu mjukuu wako Judith kwa niaba yangu. Mungu awape mvua ya kutosha na awaepushe na mvua ya mawe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa kuchelewa,
Lorena Birdsall Knapp

N.B. Hili nalikuambia kwa siri. Orville ana miaka sabini na mmoja na hajawahi kuvuka milima kwenda mashariki hata mara moja. Husema Birdsall wa Oregon hageuki nyuma. Hata harusi ya binti yake kule Boise hakwenda. Juzi nimekuta tiketi ya treni ndani ya Biblia yake, ya kwenda Iowa. Atafika kwenu Jumanne, tarehe 3 Juni. Hakuniambia, na nadhani anaogopa ukijua utafunga mlango. Ukimkuta kizingitini ameshika kofia na maneno hayatoki, usimngoje aanze, maana hajui kuomba radhi, hajawahi kujaribu. Mkaribishe ndani, kisha umpeleke kwenye kaburi la Amos.