Tairi la Nyuma, Upande wa Kushoto

Mpendwa Baba,

Kwa heshima na masikitiko, familia yako hapa Kiptere inakutangazia kwamba tairi moja la trela yako, la nyuma kabisa upande wa kushoto, halipo. Trela ni ya plastiki, na ikiwa na lori lake haifiki urefu wa mkono wangu, lakini wizi ni wizi.

Tuligundua Mama alipotoa vitu kabatini apanguse vumbi. Uliiweka pale mwenyewe, ubavu wa kushoto ukitazama ukuta, ukasema asiiguse mtu. Tangu tukuzike, hakuna aliyeigusa. Ndiyo nikaanza kuangalia watu.

Mama nilimwondolea lawama, ingawa alisema "sijui" haraka kidogo. Jirani yetu Otieno, fundi wa kiwandani aliyekupa tupa ya kusugulia plastiki, haingiagi sebuleni. Akabaki ndugu yako, anko Wesley.

Unakumbuka alivyokucheka? Lori lilitoka kwa boksi likiwa vipande vya kukata kutoka kwa fremu za plastiki na kuunganisha, na usukani wake kushoto, kama malori ya huko ng'ambo lilikotengenezwa. Ukaukata, ukauhamishia kulia, ukasahau pedali kulekule kushoto. Anko akachungulia dirishani mwa lori. "Sasa akitaka breki, atamwambia taniboi akanyage?"

Ukaendelea na kazi yako. Ulikuwa umebeba majani ya chai kwa lori maisha yako yote, na trela hiyo ya kontena ukaigeuza ibebe majani pia. Mimi nilikushikia tochi. Ulikunja pini za stepla zikawa ndoano, tukashona vigunia kwa neti ya vitunguu. Nilitaka kuvirundika chini tumalize. Ukanishika mkono. "Tundika. Majani yakilaliana yanapata joto, yanaungua." Kisha ukachekecha udongo mwekundu kwa kichungi cha chai cha Mama, ukaupaka kwenye matairi, kwa sababu lori safi, ulisema, halijafika kwa mkulima.

Sasa huyo aliyekucheka alikuwa anakuja kila Jumapili kutoka kanisani, anakaa kwenye kiti chako, kile kinachotazama kabati. Koti havui hata jua likiwaka, na hilo koti lina mifuko. Chai anakunywa polepole, macho kwa trela. Siku moja nikamwambia, nikijifanya natania, kwamba wageni wa hii nyumba siku hizi wanapekuliwa mifuko wakitoka.

Alitazama kikombe kwanza. "Mimi huja kuona kazi ya ndugu yangu," akasema, akachukua kofia yake.

Hajarudi. Mama anapika chai yake kila Jumapili, inapoa mezani. "Ulimwambia nini?" ananiuliza. Hakuna mwingine anayekuja kukaa naye, Baba, akikuongelea kama mtu aliyetoka tu hapo nje na atarudi.

Mimi sikukubali kushindwa. Leo asubuhi nilishusha lile boksi lililokuwa juu ya kabati, nipate picha ya kifuniko, inayoonyesha matairi yote, niende nayo kwa anko kama ushahidi. Nikalifungua.

Pumzika, Baba. Jioni naenda kwake kumwomba arudi kwa kiti chake, na nitalibeba boksi ajionee. Tairi limo ndani, bado limeshikana na fremu yake ya plastiki. Hukuwahi kulikata.

Binti yako, mshika tochi