Uso Nisioutazama

Baba yangu mpendwa,

Sikukutazama. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitalizunguka mpaka karatasi iishe, nawe unanijua nilivyo. Siku ile hospitalini, waliponiingiza kwenye kile chumba cha baridi na mtumishi akaishika ncha ya shuka, niliinamisha kichwa. Niliona magurudumu ya kitanda na viatu vya mpira vya yule mtumishi. Shuka ilipofunuliwa niliisikia tu. Mzee Sefu, rafiki yako anayesafirisha kago, mizigo ya wafanyabiashara, alikuwa nje ya mlango. Miguu yake ilikataa kuingia. Akaniuliza, "Ndiye?" Nikajibu, "Ndiye."

Hakuna anayejua. Wote wanaamini nilikutazama, na nani asingeamini? Kutazama ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Unakumbuka ulivyonileta huku. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa nyumbani Magomeni nikisaidia kupika na kungojea sijui nini. Wewe ulikuwa umekwisha acha ukarani wa mahakama, na huku Guangzhou wafanyabiashara wetu walikuita Shahidi, kama kwamba ndilo jina ulilopewa na bibi. Mtu akitaka kukopeshwa mzigo na mwenzake, au laoban, yaani mwenye duka wa Kichina, akikubali kutoa nguo kwa ahadi ya kulipwa zikishauzwa Kariakoo, walikuita wewe. Hukuwa na ofisi. Ofisi yako ilikuwa mkoba. Uliwafuata hotelini kwao, ukausoma mkataba kwa sauti, ukaulinganisha uso na picha ya pasipoti, ukawaangalia wakitia sahihi, ukagonga mhuri. Kisha wanawake wakaanza kuwa wengi, wanakuja peke yao kununua nguo za watoto na mashuka, na wewe hukuwa mtu wa kuingia chumbani kwa mke wa mwenzio. Ukahitaji macho ya kike.

Mama alicheka ulipompigia simu. Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia kila neno. "Huyu? Huyu anayejificha jikoni wageni wakija? Si umchukue Saumu, dada yake, anayejua kusema na watu?"

Sijui ulimjibu nini. Nilikuja kukuuliza tukiwa tayari huku, tunakula tambi kwenye ule mgahawa wa Waislamu wa Kichina, wewe ukilalamika kwamba chai yao ni maji yaliyooshewa majani. Uliweka kikombe chini ukasema, "Saumu ataniambia zaidi ya alichokiona. Mwenye haya hasemi asichokiona."

Baba, maneno hayo ndiyo ninayoamka nayo.

Mji huu ulinitisha. Watu weusi tulikuwa wa kuhesabika, na tukipita barabara ya Guangyuan watu walisimama kututazama, hata wapagazi waliobeba marobota waligeuza shingo mzigo ukiwa mgongoni. Mimi nilitembea nyuma yako nikiyahesabu mawe ya njia. Ulisema bila kugeuka, "Waache wakutazame. Na wewe jifunze kutazama." Lakini nilikuwa nazijua vizuri zaidi soli za viatu vyako kuliko jengo lolote la mji huu.

Halafu Bi Zuhura. Yeye ndiye mteja wangu wa kwanza, yule mama mnene wa Ilala anayecheka mpaka kitanda kinalia. Ulisimama kwenye korido, ukanipa pasipoti yake, ukanisukuma ndani kidogo kwa kidole mgongoni. Niliingia, nikaitazama picha, nikalitazama zulia.

"Inua macho, mwali we!" akaniambia. "Wa kuona haya ni mimi, niliyevaa kanga moja. Na uniangalie vizuri, maana hiyo picha nilipigwa kabla sijazijua chipsi za Kariakoo."

"Ndiye?" uliuliza kutoka nje.

"Ndiye, Baba."

Nilipotoka hukupokea pasipoti. Uliniuliza, "Masikio yake yakoje?"

Nikageuka kuutazama mlango.

"Rudi."

Ulinieleza pale pale koridoni, kwa sauti ya chini, bila hasira. Mtu hunenepa, husuka, huzeeka, hujipaka. Masikio hubaki vile vile. Uso kwanza, karatasi baadaye. Nikarudi, nikamwomba Bi Zuhura asogeze mtandio, nikayatazama masikio yake. La kushoto lilikuwa na tundu lililochanika. Aliacha kucheka, akaniacha nimtazame. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza maishani kumtazama mtu mzima usoni mpaka nikamaliza. Nilipokwambia "Ndiye" mara ya pili ulisema, "Sasa nimeamini," ukagonga mhuri ukiwa umeuegemeza mkataba ukutani.

Tangu siku hiyo hukuwahi kuniuliza mara mbili. Mimi nikiwa ndani, wewe nje, mlango umebaki wazi kidogo. Neno moja langu, na wewe unagonga mhuri. Yule mzee wa Lubumbashi aliyekuja na mkewe alikucheka. "Papa Shahidi, huyu mutoto wako hasemake? Ataona nini na ile haya yake?" Ukamjibu, "Yeye ndiye anayeona. Mimi nina mhuri tu." Nilikuwa nyuma yako na nilitamani ardhi inimeze, lakini usiniulize nilivyofurahi.

Na dole gumba. Wasiojua kuandika uliwapa pedi ya wino, wakabonyeza dole gumba kwenye karatasi, na kabla hujafunga mkoba ulikishika kidole chao ukakipangusa mwenyewe kwa kile kitambaa chenye mafuta ya taa. Nilidhani ni usafi tu. Nilipokuuliza ulisema, "Mtu asiondoke mbele yangu na doa." Hata wanaume wakubwa walikupa mkono kama watoto.

Siku yenyewe tulikuwa hoteli ile ya karibu na stesheni, ghorofa ya juu. Mteja alikuwa mama kutoka Unguja, mpole, aliyekuja na bintiye kununua vitambaa. Wewe ulibaki koridoni. Ulisema koo limekukauka. Mimi nilichukua muda wangu kama ulivyonifundisha. Niliyatazama masikio yake, kidevu, kovu dogo juu ya nyusi ambalo kwenye picha lilionekana kama vumbi. Nikasema, "Ndiye, Baba."

Koridoni kimya.

Nikasema tena, kwa nguvu kuliko nilivyowahi kusema neno lolote mbele ya wageni. Yule mama akacheka kidogo, akasema, "Baba'ko kasinzia." Nilipofungua mlango nilikuta mkoba wako umeegemezwa ukutani. Ulikuwa umeshuka kununua maji. Ulianguka kando ya njia, karibu na maduka ya jumla, na wapagazi walikuwa wakikuzunguka na marobota yao, maana hapo watu hupumzika chini kila siku na hakuna aliyejua kwamba wewe hupumziki. Wakati huo, Baba, mimi nilikuwa nikichunguza kovu la mtu nisiyemjua.

Mengine unayajua au huyajui, sijui wafu hujua nini. Hospitali walitaka ndugu wa damu akutambue ndipo wakutoe. Nilisema "Ndiye." Wakanipa karatasi ya maandishi yao nisiyoweza kusoma neno, wakanishika kidole wakakitia kwenye wino mwekundu, wakakikandamiza hapo. Hapakuwa na wa kunisomea kwa sauti. Hakuna aliyenipangusa. Nilirudi chumbani kwetu na kidole chekundu, nikaoga nacho, na ndicho nilichobonyezea namba ya simu kumwambia mama.

Wanaume wa msikitini, Wachina na wetu wachache, walikuosha na kukukafini. Kabla hawajafunga sanda Mzee Sefu alikuja akaniambia, "Njoo umuage baba'ko." Nilipewa nafasi ya pili. Nikasema, "Nimekwisha muona." Nilisema hivyo, Baba, kama mtu aliyekataa chakula kwa sababu kashiba.

Kwa nini? Najiuliza. Nadhani nilifikiri kwamba nikishakutazama na kusema, itakuwa kweli, kwa sababu kwetu sisi wawili nilichokitazama mimi na kusema "ndiye" kilikuwa kweli daima. Nisipotazama, labda. Sasa nimebaki na hiyo "labda" na sina pa kuipeleka. Nimekuwa nikiiona kofia nyeupe kama yako mbele yangu kwenye msongamano wa Guangyuan, naifuata, nalipita robota baada ya robota, na mwenye kofia akigeuka ni mzee wa Kichina anayeniuliza nataka nini. Najua uko wapi. Akili yangu inajua. Ni macho yangu ndiyo hayajaambiwa.

Lakini si hilo linalonikosesha usingizi. Ni mama.

Kwenye simu ya kwanza baada ya wanaume kukuzika huku hakuuliza habari za mirathi wala mkoba wala nitarudi lini. Aliuliza, "Alikuwaje? Uso wake ulikuwaje?" Yuko ndani, eda imemfunga, na kati yake na wewe kuna bahari nzima na mimi. Nikamwambia ulikuwa kama umelala. Akalia, akasema alhamdulillahi. Wiki iliyofuata akasema, "Hebu nieleze tena." Nikaongeza kwamba ulikuwa unatabasamu. Nyingine nikaongeza ndevu zako, kwamba zilikuwa zimechanwa vizuri. Sikupanga kuongeza. Nasikia anavyongoja upande wa pili, na mdomo wangu unatoa.

Saumu ananiambia mama anawasimulia wanawake wote wanaokuja kumpa pole. "Mwanangu alimwona kwa macho yake. Alitabasamu." Anasema ndicho kinachompa nguvu ya kula. Ulinileta huku kwa sababu sisemi nisichokiona, na sasa mama yangu anakula na kulala kwa nisichokiona.

Nilijaribu kukutafuta kwa njia nyingine. Nilimwuliza Mzee Sefu, "Mjomba, baba alikuwaje mlipomwosha?" Akanitazama kwa mshangao. "Si wewe uliyemwona vizuri? Mimi machozi yalinijaa, mwanangu. Nilimwosha kwa kupapasa." Kisha akashika kichwa chake, akasema, "Afadhali wewe ulikuwa na moyo." Sikuweza kuuliza tena.

Wiki iliyopita Bi Zuhura alirudi. Alikuwa na mkataba mpya, mzigo mkubwa wa nguo za sikukuu, na laoban alikubali kumkopesha kwa sharti lile lile la shahidi. Mzee Sefu akasimama koridoni na mkoba wako. Akasema tujaribu, riziki isife na mtu. Niliingia. Bi Zuhura hakufanya mzaha safari hii. Alivua mtandio mwenyewe, akanigeuzia sikio lake lililochanika.

"Ndiye?" Mzee Sefu akauliza.

Ile sauti, Baba, na ule mlango ulio wazi kidogo. Nilimtazama Bi Zuhura, namjua kama ninavyoijua mikono yangu, na neno halikutoka.

"Ndiye?"

"Sijui," nikasema.

"Hujui nini tena?" Bi Zuhura akasema. "Si mimi huyu huyu wa chipsi?" Halafu akaniona, akanikumbatia, akaninyamazisha kama mtoto mchanga. Lakini laoban alikuwa koridoni pia, na mkalimani wake alikwisha mfasiria kwamba shahidi hamjui huyu mama. Alichukua karatasi zake akaondoka, akirudia "meiyou, meiyou," hakuna, hakuna biashara. Bi Zuhura amerudi Dar mikono mitupu kwa ajili yangu. Wote wamesema ni majonzi, nitapona. Hawajui kwamba neno lile nilishalitumia pabaya na sasa halinitii.

Wamenichangia tiketi. Nitaondoka mama atakapokuwa amekaribia kumaliza eda. Kwenye simu anasema, "Njoo unieleze ana kwa ana." Unajua anavyonifanya mama ninapoinama. Hunishika kidevu akauinua uso wangu mpaka macho yakutane. Hapo nitakuwa mimi ndiye picha, na yeye ndiye shahidi. Sijui nitafanya nini. Nikisema kweli, nitakuwa nimemwondolea uso wako kwa mara ya pili. Nikiendelea, nitaishi ndani ya nyumba ile nikikuongezea ndevu na tabasamu mpaka nizeeke, na siku moja nitaamini mwenyewe, na hapo ndipo utakuwa umekufa kweli.

Juzi aliniambia anakuota. Unakuja, unasimama mlangoni, huingii, husemi. Anadhani una kiu. Amewapa watoto wa madrasa sharubati kwa niaba yako. Mimi nilipokata simu nilikaa chini, kwa sababu mimi najua unasimama kwa nini. Ndivyo ulivyosimama siku zote. Unangoja sauti kutoka ndani.

Baba, usimwambie. Najua hukuwahi kuushuhudia uongo, na sikuombi uushuhudie wangu. Akikuuliza ndotoni ulikuwaje, usimjibu ndiyo, usimjibu hapana. Simama tu hapo mlangoni kama unavyosimama, na unyamaze. Hili libaki kwako na kwangu.

Mimi,
binti yako