Bunduki Uliyoniagiza, Kaka

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Kwa Kaka Burkadi,

Tumsifu Yesu Kristu, Kaka, na shikamoo. Mie huku mzima, kifua kimetulia na kazi ya useremala ipo. Watu wote huandika kwamba hofu ni kwenu mlioko nyumbani, nami nimekuwa nikiandika hivyo hivyo kila mara. Safari hii hofu ninayo kweli. Nitaieleza mbele kidogo, maana nikianza nayo utaichana barua kabla hujajua bunduki yako iko wapi.

Bunduki nimepata. Ni ya komeo kama ulivyotaka, ile ya kuinua mkono wa chuma na kuuvuta nyuma ndipo risasi ipande, siyo gobore la kushindilia baruti. Lakini jasho limenitoka! Kwa fedha ya ng'ombe mmoja, watu wa mji huu wako tayari kukuuzia kila kitu kibovu walicho nacho.

Nilianzia dukani mjini. Zipo mpya, zimefungiwa kwenye kabati la kioo. Nikamwomba karani anifungulie moja nichungulie ndani ya mtutu. Akaanza kunitazama viatu.

"Unanunua au unatembea?"

"Nanunua nikishaona."

Akataja bei. Kaka, nilitoka bila kuaga. Kwa bei ile ungeuza zizi zima, na mkanda wa kubebea wangekuuzia kwa bei yake peke yake.

Kutoka hapo nikaelekezwa kwa dereva mmoja wa lori, Kinondoni. Yake ilikuwa nzuri mno, kitako kinang'aa. Hapo hapo moyo ukakataa. Mie seremala, vanishi mbichi naijua kwa pua. Bunduki ya kuingia nayo porini, vanishi ya jana ya nini? Nikachungulia mtutuni, nikakuta umejazwa grisi tele. Akasema, "Hayo ndiyo matunzo, ndugu yangu." Nikafunga kitambaa kwenye ufito nikausukuma hadi ng'ambo. Kikatoka na kutu, na ndani chuma kimelika kama jino bovu. Nikatazama namba. Unajua tulivyofundishwa jeshini kule Bama, wakati wa vita vya Mjapani: namba iliyopigwa kwenye komeo lazima iwe ile ile ya kwenye mwili wa bunduki. Zikitofautiana, komeo hilo limetoka kwenye bunduki nyingine, halikai sawasawa, na siku moja moto utakurudia usoni. Nikamsomea namba zote mbili kwa sauti. Akaninyang'anya bunduki yake, akasema bila shaka mie polisi.

Ya tatu ndiyo tuliyonunua. Kuna mpishi mmoja, mtu wa Masasi, tunasali kanisa moja. Bwana wake ni Mzungu mzee, mpima ardhi, anakaa Kunduchi na yuko mbioni kurudi kwao. Nikaenda huko kwa baiskeli hadi magoti yakalia. Mzee akaitoa. Kitako kimepasuka, kimefungwa kwa waya, sura mbaya kabisa. Akataja bei, na bei ikawa chini ya fedha niliyokuwa nayo. Hapo ndipo niliposhtuka zaidi. Nikalichomoa komeo, nikasoma namba, zikalingana. Nikatazama mtutuni kuelekea juani, ukawa mweupe, mifereji ya kuizungusha risasi ingali mikali kama mipya.

Nikamuuliza, "Kwa nini bei ndogo hivi?"

"Mbao imevunjika," akasema, "na mimi nimezeeka."

Sikuamini. Nikamwambia siondoki nayo mpaka nimeipiga. Tukaenda nyuma ya nyumba, upande usio na watu, tukaweka debe kwenye tuta la mchanga, hatua mia. Risasi tano, zote zikaingia, na nne kati yake unazifunika kwa kiganja. Yule mpishi akacheka hadi akakaa chini. "Kandidi," akasema, "wewe hata ukifika peponi utaomba kwanza kuonyeshwa mlango wa kutokea!"

Basi tukaandikishana polisi kwa kile kibali chako ulichopewa na Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya. Kitako nimekichonga upya kwa mninga, kimekaa vizuri. Na risasi zake ni namba ile ile wanayouza pale bomani kwetu, kwa hiyo hutahangaika. Kwa fedha uliyotuma, hupati bora kuliko hii.

Sasa hofu yangu.

Otmari, yule mtoto wa jirani yetu, alifika huku na lori la tumbaku, nami nimempa mkeka chumbani kwangu. Tulikuwa tunamenya karanga. Nikamuuliza kwa utani kama nguruwe wamewabakizia hata gunzi, maana barua yako ya kwanza ilisema wanamaliza mahindi na bunduki ni ya kuwapiga.

Akashangaa. "Nguruwe gani? Mahindi yote yako ghalani. Shambani hakuna hata bua."

Nikaenda kuitoa barua yako ya pili, nikaisoma tena. Kaka, nguruwe hawamo. Umeuliza kama inafika hatua mia bila kukosa. Umeuliza kama kelele yake inasikika ng'ambo ya mto. Na mwisho umeandika, "Mjomba Severini asijue." Mara ya kwanza nilipita juu ya maneno hayo. Mara hii nikayarudia neno kwa neno. Mjomba ndiye mwindaji wa kijiji kizima. Ndiye aliyetushikisha gobore sote wawili tukiwa hatujaota ndevu. Mtu anayenunua bunduki ya nguruwe humwita Mjomba kwanza!

Nikambana Otmari. Kwa shida akasema kwamba tangu alipozikwa mwanao Luiza huendi tena kwa Mjomba, wala hupokei chakula kutoka kwake. Kwamba ulivuka Ruvuma kwenda kwa mganga, ukarudi na jina.

"Jina la nani?" nikamuuliza.

Akaendelea kumenya karanga. "La Mjomba wenu."

Kaka, mie Luiza nilimlilia, na bado namlilia. Lakini homa ile ile iliyomchukua imepita mtaani kwetu hapa, nyumba tatu zimefiwa na watoto, na hakuna mjomba wa mtu aliyehusika. Nilimshuku karani, nikamshuku dereva, nikamshuku mzee wa watu aliyeniambia ukweli mtupu. Wewe ndiye mtu pekee ambaye sikukuuliza bunduki ni ya nini. Naona haya, na naogopa. Naogopa kumzika Mjomba, na naogopa kamba watakayokuvisha wewe.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Bunduki anakuletea Otmari, pamoja na karatasi zote, ili usije ukasema nimekula ng'ombe wako. Komeo nimelichomoa, ninalo mimi. Bila komeo, hiyo uliyonayo ni mchi wa chuma, na usihangaike kutafuta jingine, nimekwisha kukueleza litakufanya nini usoni. Ukilitaka, panda lori uje Temeke pamoja na Mjomba. Nitampa yeye mkononi, wewe ukiona. Ukija peke yako nitakupikia, utalala kitandani kwangu, lakini komeo hutaliona.

Kama nimekudhania vibaya, nizabe kofi mbele ya watu wote. Kaka, naliomba sana kofi hilo.

Nisalimie Mama, umwambie dawa ya macho inakuja na Otmari. Nisalimie shemeji yangu, mkeo, na umwambie nampa pole tena. Nisalimie mwalimu wetu wa dini na wote wanaoniulizia. Salamu za Mjomba Severini sikumpa Otmari. Hizo zipeleke wewe mwenyewe, mchana, mpaka ndani kwake, na chakula atakachokuwekea ukile.

Mdogo wako,
Kandidi