Somo la Saba Limeshafanywa

Jumatatu, 3 Machi
Somo la nne la kozi ya takwimu — uwezekano. Mwalimu wa kwenye simu anarusha sarafu, anacheka peke yake. Nimelielewa! Msimamizi wa bohari katangaza tena: atakayeleta cheti cha takwimu ataingia ofisini. Mimi mgongo umeniisha kwa kufunga maboksi ya sabuni. Baba watoto, anayepakia malori palepale, njia nzima ananiita profesa. Eti nitapiga hesabu, mboga ziungue. Atacheka, atachoka.

Jumatano, 12 Machi
Makubwa! Nimefungua kozi, somo la saba lina alama ya kijani. Limeshafanywa. Mimi hata la tano sijalimaliza! Nimewaandikia wenye kozi. Wamejibu kila kitu kiko sawa, hongera kwa bidii. Bidii ya nani?

Jumapili, 16 Machi
Nimemfumania baba watoto. Afadhali angekuwa na mwanamke. Yuko uani na simu yangu, kapiga magoti, anatafuta wastani kwa kalamu juu ya kipande cha boksi. Anasema alianza kwa kuchungulia tu, utamu ukamkolea. Nikamuuliza kwa nini hakujiandikisha mwenyewe. Kasema ataonekanaje, mwanamume kumfuata mkewe darasani? Kaona haya kusoma kwa jina lake. Kwa langu hakuona. Nimelia kwa hasira, nikaenda kufua.

Jumanne, 25 Machi
Kasingizia tumbo, hakwenda kazini. Simu yangu ilibaki nyumbani, boharini simu haziruhusiwi. Kumbe kafanya mtihani wa mwisho! Hauna marudio. Kafaulu vizuri mno — na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu mimi nisingefika pale. Si sasa. Cheti kimekuja na jina langu kwa herufi kubwa.

Sasa mpole! Kanichemshia chai, jambo ambalo sijaliona tangu anioe. Anataka neno la siri la kozi abadilishe jina kwenye cheti, liwe lake. Wenye kozi wanaruhusu kubadilisha mara moja tu.
"Mke wangu, ofisini si watakuuliza maswali? Utajibu nini?"
Nikamwambia ningejibu, kama angeniachia masomo yangu. Chai yake sijainywa.

Msimamizi katuma ujumbe: kesho ndiyo mwisho wa kupokea vyeti, je, ninacho? Nimeandika ninacho. Sijatuma. Baba watoto kasimama mlangoni, anauliza namwandikia nani.